Nyumba Zisizo na Wenyewe

Sehemu ya Saba

Tulimwacha Abdérémane na brashi mkononi, rangi nyekundu ikichuruzika kutoka kwenye alama aliyokuwa ametoka kuipiga, na komeo la mlango huo huo likivutwa kutoka ndani. Nyumba ilikuwa tupu. Daftari la ofisi lilisema ni tupu, na aliyeliandika daftari hilo ni yeye mwenyewe.

Kwa msomaji anayeungana nasi leo: huu ni mji wa Mahajanga, mwezi wa tisa mwaka 1985. Kimbunga cha mwaka jana kiliezua nusu ya mji, na sasa mji unajengwa upya. Mtaa wa Ambovo, walikokaa Wakomoro vizazi na vizazi, umepangiwa barabara pana, maduka na nyumba za ghorofa. Mlango unaopigwa alama nyekundu ni wa nyumba itakayovunjwa. Abdérémane ndiye mchora ramani wa mradi. Ofisini wanamwita Rémi, na wanamdhania Msakalava, mwenyeji wa pwani hii, kwa baba na mama. Kwa mama ni kweli. Habari za baba, Mkomoro, hajamwambia mtu.

Mlango ukafunguka.

Alitoka mwanamke mzee, nguo ya shiromani begani, ndoo ya maji machafu mkononi. Aliitazama rangi mlangoni, akamtazama mhandisi, akawatazama vibarua wawili waliobeba ngazi. Halafu macho yake yakatua kwa mwenye brashi, na uso wote ukamlainika.

“Abdérémane,” alisema. “Mwanangu.”

Alisema kwa Kingazija, lugha ambayo Abdérémane hakuwa ameitamka mbele ya watu kwa miaka minane.

Mhandisi, mtu wa nyanda za juu aliyekuja Mahajanga kwa kazi hii tu, hakuelewa neno, ila aliona jinsi yule mzee alivyomtazama mtu wake. Akauliza kama wanafahamiana.

“Hapana,” alisema Abdérémane. “Simfahamu.”

Neno lilimtoka kirahisi, na urahisi huo ndio uliomtisha baadaye.

Mzee alisimama na ndoo yake. Kwanza alimtazama kama mtu aliyesikia vibaya. Kisha akaelewa, na Abdérémane aliona dakika ile ile alipoelewa. Akamgeukia mhandisi, akasema kwa Kimalagasi cha polepole ili yule mgeni apate kila neno:

“Nisamehe, bwana. Macho yangu yamechoka. Nimemfananisha na mtu.”

Akamwaga maji yake uani, akarudi ndani, akaufunga mlango taratibu, rangi isimpake.

Mhandisi aliandika kitu kwenye karatasi yake. Alimwambia Rémi kwamba mzee huyo, kama ana hati ya nyumba, ailete ofisini kabla ya Jumatatu ya wiki ya pili, maana siku hiyo tingatinga linaingia mtaani. Kama hana, ahame. Wakaendelea na mlango unaofuata. Abdérémane alipiga alama kumi na moja zaidi asubuhi ile, na hakuna hata moja iliyonyooka.

Yule mzee alikuwa Koko Koulsoum, mkunga wa Ambovo. Mtaa mzima ulimwita Koko, bibi, kwa sababu nusu ya mtaa ulizaliwa mikononi mwake, na Abdérémane akiwamo. Desemba ya mwaka 1976, siku za ghasia, watu wenye marungu walipokuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiwatafuta Wakomoro, alimficha siku tatu chini ya kitanda cha kuzalishia. Walipogonga, aliwafungulia mikono ikiwa na damu ya kuku, akawaambia kuna mzazi ndani, mwenye moyo wa kuingia aingie. Hawakuingia. Mumewe Mahamoud, fundi cherehani, alikuwa kibandani kwake sokoni siku ile, na hakurudi.

Wiki zilizofuata, maelfu waliondoka kwa ndege na meli kwenda Komoro. Koko alikwenda kisiwani Nosy Be kwa mpwa wake Hayrat, na familia nyingine za mtaani zikamfuata huko huko. Kabla ya kuondoka alimwita Abdérémane, akampa bahasha iliyofungwa kwa gundi. Ndani mlikuwa na hati ya nyumba. Wewe una mama wa hapa, alimwambia, wewe utabaki. Nitunzie.

Abdérémane alibaki. Alihamia mtaa wa Antanimasaja, ambako hakuna aliyemjua, akaanza kuitwa Rémi.

Jioni ile, baada ya alasiri, alirudi Ambovo peke yake. Alikuwa amepanga maneno ya kuomba radhi, na njia nzima alikuwa akiyapanga upya. Koko alimfungulia kabla hajagonga mara ya pili. Alimkalisha, akamtilia chai, akamuuliza habari za mama yake. Aliposikia amefariki, alimsomea Fatiha. Juu ya yaliyotokea asubuhi hakusema neno. Abdérémane alingoja alaumiwe. Angelaumiwa angepumua.

“Nimerudi juzi tu,” alisema Koko. “Paa limevuja, lakini kuta ni nzima. Sasa wanasema wanataka karatasi. Nikasema, afadhali, karatasi iko kwa Abdérémane.”

Hapo ndipo maneno yote aliyoyapanga yalipomkimbia. Akasema ndiyo, iko nyumbani, ataileta keshokutwa.

Msomaji, bahasha haikuwa nyumbani. Mwaka 1978, siku moja kabla ya kuanza kazi ofisini, Abdérémane aliingiwa na hofu kwamba watampekua. Alikusanya kila karatasi yenye jina la Kikomoro, akaitia kwenye jiko la mkaa. Bahasha ya Koko ilikuwa ya tatu au ya nne. Hakuifungua.

Alhamisi alijifungia kwenye chumba cha ramani. Alikuwa na mkono wa kuaminika kuliko wote pale ofisini, na hati za zamani za kuigiza zilijaa kabatini. Alichukua karatasi ya miaka ya hamsini iliyobaki tupu nyuma ya jalada, akaichovya kwenye chai, akaikausha dirishani. Aliandika kwa wino wa zamani, jina la Mahamoud, vipimo vya kiwanja, mwaka wa ununuzi. Muhuri aliuchora kwa kalamu nyembamba, mstari baada ya mstari. Ilipofika saa kumi hakuna mtu ofisini ambaye angeweza kuitilia shaka. Alijikuta ameridhika na kazi yake, kisha akaona haya kwamba ameridhika.

Ijumaa alimpelekea.

Koko Koulsoum hakujua kusoma Kifaransa. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili, na badala ya kuitazama alipitisha kidole gumba kwenye ukingo wake wa kushoto, kutoka juu hadi chini. Akakipitisha tena.

“Hii siyo,” alisema.

Abdérémane akasema ndiyo yenyewe, pengine ameisahau sura kwa miaka.

“Ya Mahamoud ilikuwa na kurasa mbili, na alizishona kwa cherehani yake zisipoteane. Nilimcheka siku ile. Hii haijapita sindano.” Aliiweka mezani. “Yangu iko wapi?”

Alijaribu kutafuta uongo wa tatu na hakuupata.

“Niliichoma, Koko.”

Akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, akirudi nyuma, akitaja hofu yake mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Koko alisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, wala hakupandisha sauti. Aliuliza jambo moja tu: kama aliifungua bahasha kabla ya kuichoma.

“Sikuifungua.”

“Mlikuwa na picha yake humo,” alisema Koko. “Aliyopiga siku ya Idi, amevaa kanzu aliyojishonea. Sina nyingine.”

Nje vibarua walikuwa wakivunja ukuta wa jirani, na kila pigo lilitikisa vikombe kidogo. Abdérémane alitamani ardhi impokee, ardhi ikabaki sakafu ya saruji, na yeye akabaki juu yake, mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja ambaye hakujua pa kuweka mikono.

Mwishoe Koko alisema kwamba hati ile iliandikwa na Mouigni, aliyekuwa karani hapa Mahajanga kabla ya ghasia, na kwamba Mouigni alikuwa na tabia ya kujiwekea nakala ya kila alichoandika, yenye muhuri na sahihi. Sasa anaishi Hell-Ville, kule Nosy Be. Alipoondoka aliyabeba makaratasi yake akaacha vyombo.

Abdérémane alisema ataandika barua leo hii.

“Barua haitawahi,” alisema Koko. “Na mimi mifupa yangu haiwezi njia ile mara mbili kwa wiki moja. Utakwenda wewe.” Akaikunja ile hati ya bandia, akamrudishia. “Na ukifika, waambie umetoka kwangu.”

Hakuelewa kwa nini alisema “waambie” badala ya “mwambie”. Angeelewa, huenda asingepanda gari.

Ofisini aliomba ruhusa ya msiba. Jumamosi alfajiri alikuwa amebanwa kati ya magunia ya vitunguu, na safari ilikula siku tatu, vumbi tupu, tairi mbili kupasuka, hadi Ankify ambako bara linaishia. Njiani alipika maelezo ya kumpa Mouigni. Angesema kimbunga. Kimbunga kilibeba mabati, milango na mitumbwi. Nani angeuliza kuhusu bahasha? Jumanne asubuhi, akiwa kwenye boti ya kuvukia, alikuwa ameshaanza kukiamini kimbunga hicho mwenyewe.

Hell-Ville nayo ilikuwa ikibadilishwa sura. Pwani, nguzo mpya zilikuwa zimechimbiwa kwenye viwanja vya hoteli, na kwenye mtaa wa juu ya soko alikokaa Mouigni, nyumba tatu zilikuwa zimebandikwa matangazo. Mwenye nyumba alitaka kuwajengea watalii vyumba. Wapangaji walipewa mpaka mwisho wa mwaka.

Mouigni alikuwa mtu mwembamba mwenye miwani iliyofungwa uzi. Abdérémane alijitaja, akasema ametumwa na Koko nakala ya hati, akafungua mdomo aanze habari ya kimbunga. Hakufika mbali.

“Umetoka kwa Koulsoum,” alisema Mouigni. “Basi.”

Akaingia chumbani, akatoka na sanduku la bati, na kabla chai haijapoa alikuwa ameshaipata nakala: kurasa mbili, muhuri, sahihi. Akamkabidhi bila kuuliza swali hata moja. Abdérémane aliitia kwenye mkoba. Akasema anashukuru sana, boti ya mchana haijaondoka, ngoja aikimbilie.

Mouigni akatabasamu, akamshika mkono. Huondoki, alisema. Watu wangu watanila nikikuachia uondoke.

Wakaanza kuja. Alikuja Hayrat, mpwa wa Koko, na sinia la mkate wa mchele. Wakaja wazee wawili aliokuwa akiwaona msikitini utotoni. Wakaja wanawake na watoto wao, na watoto waliozaliwa huku huku Nosy Be wasioijua Mahajanga. Walijaa sebuleni, wakajaa barazani. Wote walikuwa watu wa Ambovo. Kila mmoja alimshika mkono kwa mikono miwili, na wengine waliubusu. Abdérémane hakujua kwa nini, mpaka Mouigni alipowanyamazisha, akasema.

Alisema kwamba kwa miaka minane, kila walipokata tamaa, Koko Koulsoum aliwaambia jambo moja: Abdérémane amebaki. Wasafiri wanasema amepata kazi kwenye ofisi ile ile inayopima nyumba. Maadamu yuko pale, nyumba zetu zina mtu. Na sasa, alisema Mouigni, tunafukuzwa huku, lakini hatuna hofu, tuna pa kurudi.

Mwaka 1978, Abdérémane alipotumwa kuandika daftari la nyumba za Ambovo, agizo lilikuwa kwamba kila nyumba iandikwe jina la mwenyewe, hata kama hayupo. Zilikuwapo nyumba kumi na saba ambazo alijua wenyewe wako Nosy Be. Alijua majina yao na ya watoto wao. Lakini kuandika jina kungezua swali: wewe, Rémi, umewajuaje? Basi mbele ya kila moja aliandika maneno yale yale: haina mwenyewe. Na tangu kimbunga, tisa zilikuwa zimeshavunjwa.

Wenye nyumba hizo walikuwa mbele yake, wakila mkate wa mchele.

Kisha zikaja funguo.

Wa kwanza alikuwa mama mmoja mrefu aitwaye Ansoifa, muuza vitenge. Alifungua pindo la leso yake, akatoa ufunguo wa chuma uliong'arishwa kwa mafuta, akauweka kwenye kiganja cha Abdérémane. Alimwomba awe anafungua madirisha mara moja moja, nyumba ipate hewa, mpaka yeye na wanawe watakapofika Desemba.

“Mlango unakwama chini,” alimwambia. “Usukume kwa mguu kwanza.”

Nyumba ya Ansoifa ilivunjwa mwezi wa sita. Mstari wa barabara uliopita juu yake aliuchora Abdérémane, kwa rula.

“Haya,” alisema, akaupokea.

Akaupokea na wa pili. Akaupokea na wa tatu, wa mzee aliyemweleza mahali pa kutafuta uvujaji wa paa. Zilipofika saba hakuweza tena kufumba kiganja. Mouigni akainua mikono kumwombea dua: Mungu amlipe kijana huyu, amzidishie uaminifu. Sebule nzima ikaitikia amina. Watoto barazani wakaitikia amina.

Abdérémane peke yake hakuitikia. Hakuweza kuinua mikono, kwa sababu ilijaa funguo.

Aliziweka juu ya mkeka, mmoja mmoja, kila mmoja peke yake. Watu walidhani anazihesabu.

“Mimi si mtu mnayemwombea,” alisema.

Na safari hii hakuanzia katikati. Alianzia kwenye jiko la mkaa. Alisema juu ya jina la Rémi, juu ya daftari na maneno aliyoyaandika mara kumi na saba. Alisema juu ya hati ya bandia, akaitoa mkobani, akaiweka karibu na funguo. Alisema kwamba wiki iliyopita Koko Koulsoum alimwita mwanangu mbele ya mhandisi, na yeye akajibu kwamba hamfahamu. Mwisho akazitaja nyumba tisa zilizokwisha vunjwa, kwa majina ya wenyewe, akimtazama kila mmoja usoni kadiri alivyoweza.

Hayrat alilikusanya sinia, mkate ungalimo, akalipeleka ndani. Mzee wa paa linalovuja aliinama, akauchukua ufunguo wake kutoka kwenye mkeka, akauangalia pande zote mbili, akashindwa kujua autie wapi.

Mouigni alivua miwani. Bila miwani alionekana mzee zaidi. Alinyoosha mkono, akasema kwa adabu ya karani:

“Nipe ile nakala.”

Abdérémane aliitoa. Zilibaki siku sita tingatinga lifike mlangoni kwa Koko, na hati iliyoweza kulizuia ilikuwa imerudi kwenye sanduku la bati. Hakubisha. Alisema kweli, na kweli haikumfanya ajione bora. Alijiona vile vile, ila sasa wote walikuwa wakimwona.

Ndipo Ansoifa alipouliza. Alikuwa hajasogea tangu jina lake lilipotajwa.

“Nyumba yangu imevunjwa mwezi wa sita, umesema.”

“Ndiyo, dada.”

“Ilikuwa tupu?”

Abdérémane aliutazama ufunguo wa Ansoifa pale mkekani.

“Mdogo wangu Saïda alirudi Mahajanga mwezi wa nne,” alisema Ansoifa, akiwageukia wengine kama anayewakumbusha jambo wanalolijua. “Aliingia kwa dirisha la nyuma, akaniandikia kwamba nyumba bado ni nzima. Barua mbili. Tangu mwezi wa sita hakuna. Nikasema ni posta.” Akamrudia Abdérémane. “Siku ile wewe ulikuwapo?”

Angeweza kusema hakuwapo. Hakuna hata mmoja mle ndani ambaye angeweza kumkanusha.

“Nilikuwapo. Nilimwona,” alisema. “Walikuwa wamemtoa nje kabla ya kuvunja. Alikuwa amekaa juu ya godoro lake, barabarani, na cherehani pembeni. Alinitambua. Aliniita kwa jina langu.”

“Ukafanya nini?”

“Sikugeuka. Niliporudi jioni hakuwapo, wala godoro. Sikumuuliza mtu.”

Ansoifa aliinama, akaokota ufunguo wake kutoka kwenye mkeka, akaufunga tena kwenye pindo la leso, mafundo mawili. Akamwendea Mouigni, akafungua mkono, na Mouigni, bila kuambiwa, akaitoa nakala ya Koko kwenye sanduku, akampa yeye.

“Boti inaondoka saa kumi na mbili asubuhi,” Ansoifa alimwambia Abdérémane. “Tutakwenda pamoja. Kwanza kwa Koko. Halafu utanionyesha alipokuwa amekaa Saïda.”